Chakula cha Bosco

Kibugu, Jumamosi alasiri

Mwanangu Mukami,

Nimekaa mezani kabla hujarudi kutoka Embu mjini na viatu vyako. Najua ukiingia hapa nitaanza kukuuliza habari za basi na blanketi, na lile jambo litapita tena bila kusemwa. Hayo ya basi unayajua, umekuwa mtu mzima. Hutasahau vyeti vyako, wala hutalala njaa huko Lodwar eti kwa sababu baba hakukueleza mahali pa kununua unga. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichoanza nacho mimi na mama yako, yeye na Kimeru chake cha Kanyakine, mimi na Kiembu changu, kila mmoja akiona haya kumkosea mwenzake. Kuna mambo ya nyumba hii ambayo mpaka leo siwezi kuyasema kwa lugha nyingine.

Jana tulipokuwa tunakuaga, shangazi yako, tata Ciarunji, alisimama mbele ya watu wote akasema, "Huyu mnayemwona muuguzi leo alilelewa kwa chakula cha mbwa. Muulizeni baba yake." Watu walicheka. Wewe hukucheka. Nilikuona ukiweka sahani chini. Baadaye ulinifuata jikoni ukaniuliza, "Baba, ni kweli?" Nikakujibu tutaongea, nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika. Tangu hapo umekuwa ukinijibu neno moja moja. Leo asubuhi uliacha chai yako nusu ukaondoka. Mukami, mimi naogopa ukimya wako, na naogopa zaidi nikiona umeacha chakula. Ukisoma hadi mwisho utajua ni kwa nini.

Ni kweli. Lakini sivyo alivyosema tata.

Bosco unamkumbuka akiwa mzee, macho yamefanya ukungu, analala mlangoni watu wanamruka. Labda humkumbuki akiwa mbwa wa mama yako. Gatwiri alimleta kutoka kwao akiwa kitoto, ndani ya kiondo, kichwa tu kikichungulia. Hapa kwetu siku zile mbwa alikuwa wa kufungwa mchana na kufunguliwa usiku, na chakula chake kilikuwa ukoko wa ugali na chochote kilichobaki. Mama yako hakukubali. Kabla hajaolewa alifanya kazi ya nyumbani kwa afisa mmoja wa mifugo huko Meru, na huko akafunzwa kumpikia mbwa. Mapafu ya ng'ombe au matumbo yaliyooshwa vizuri, malenge, mchele kidogo au unga wa mahindi, karoti ikiwapo. Chumvi hapana. Kitunguu hapana kabisa, alisema kinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa alikuwa anaizika shimoni ili Bosco asiifikie.

Majirani walimcheka, na mimi nilicheka pamoja nao. Nilimwambia, "Gatwiri, huyo mbwa anakula vizuri kuliko mimi."

Akanijibu bila kugeuka, "Wewe ukikosa chakula utaniambia. Yeye ataniambia nini?"

Wewe ulikuwa hapo kila jioni kwenye kigoda chako, unachambua mchele wa Bosco kama kazi ya maana.

Ule msimu wa baridi ukungu haukuondoka juu ya majani chai. Mama yako alianza kukohoa. Tukadhani ni moshi wa jikoni. Nilipompeleka hospitali mapafu yalikuwa yameshajaa, na kabla mwezi haujaisha tulikuwa tumemzika pale chini ya shamba. Ulikuwa hujatimiza miaka sita.

Siku ya mazishi ulikula. Nakumbuka kwa sababu mtu alinionyesha, akasema mtoto hajaelewa, afadhali. Kesho yake ukaacha kula. Ukaacha na kusema pia. Wanawake wa kanisa walileta mukimo, wakaleta chapati, wakaleta uji wa wimbi wenye maziwa, na wewe ukafunga mdomo na kuangalia mahali pengine. Ulikuwa hulii wala hukatai kwa kelele, ila unafunga mdomo tu. Maji ulikunywa, na maziwa kidogo nikikuachia kikombe nikatoka.

Mwanzoni nilijiambia ni majonzi, yatapita. Kisha nikaona mikono yako. Siku moja nilipokuwa nakuvika sweta niliona mifupa ya bega lako imesimama kama ya mtu mzee, nikaingiwa na hofu ambayo sijawahi kuipata tena. Nilikubeba mgongoni hadi zahanati. Muuguzi alikupima uzito, akapima tena, akaniita kando. Alisema, "Mzee, akirudi hapa na uzito chini ya huu, tutampeleka hospitali kuu wamlishe kwa mpira wa puani." Nikarudi nyumbani na wewe mgongoni, na nilikuwa sihisi kama nimebeba kitu.

Jioni hiyo nilifanya jambo ambalo nataka ulijue kutoka kwangu. Nilikuweka katikati ya magoti yangu, nikakubana pua, na ulipofungua mdomo upate hewa nikaingiza kijiko cha uji. Ulikimeza. Nikafurahi, nikaingiza cha pili. Kisha ukatapika vyote, ukaniangalia. Hukuniangalia kwa hasira. Uliniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni aliyeingia ndani bila kubisha. Baada ya hapo hata maziwa hukuyachukua mkononi mwangu. Nilikuwa nayaweka chini, napiga hatua nyuma, ndipo unakuja kuyachukua. Mwanangu, nimekosea mambo mengi, nimeuza ng'ombe vibaya na nimegombana na watu bure, lakini hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho. Nilikuwa nafikiri upendo wangu unatosha kuwa sababu ya kukushika kwa nguvu.

Ndipo tata Ciarunji akaja. Yeye ni dada yangu mkubwa, na kwetu neno la dada mkubwa si dogo. Alikuwa ameolewa na Kobia huko Kianjai, anauza nguo za watoto pale sokoni. Alikuangalia mara moja tu, akatoka nje na mimi nikamfuata.

"Huyu mtoto anakufa," aliniambia.

"Hafi. Ana majonzi."

"Nyaga, mimi nimeona mtoto anayekufa. Wewe hujaona. Jumapili nakuja na Kobia, tunampeleka kwangu. Mwanamume hawezi kulea mtoto msichana peke yake, hata ajitahidi namna gani."

Nusu yangu iliona kwamba pengine ana haki. Nusu nyingine ilikuwa na hakika kwamba ukitolewa kwenye nyumba hii, kwenye kigoda chako, utafunga hata macho.

Bosco naye alikuwa amelala kwenye mlango wa jiko siku zote hizo. Katika mambo ya matanga hakuna aliyemkumbuka. Mbavu zake zilikuwa zinahesabika. Asubuhi moja niliona aibu, nikamkusanyia kila kitu kilichobaki kwenye vyombo: githeri, mchuzi, na mifupa ya kuku tuliyowapikia wageni. Nilimwambia kwa sauti, "Angalau wewe utakula." Nikamwaga kwenye karai, nikaingia ndani.

Nikasikia sauti kama ya mtu anayekwaruza bati. Nilipotoka, Bosco alikuwa anajikunja, anapiga uso wake chini, povu limetoka mdomoni. Mfupa ulikuwa umekwama kooni. Nilimkalia mgongoni, nikamfungua mdomo, nikauzuia kwa mwiko. Kila nikiingiza vidole anatapatapa na mwiko unateleza. Ulimi wake ulianza kuwa wa buluu. Nilijua dakika ile kwamba mbwa wa Gatwiri atafia mikononi mwangu, na kwamba wewe uko nyuma yangu unatazama, maana niliona miguu yako mitupu kwenye umande.

Ulikuja ukapiga magoti. Ukamshika masikio yote mawili. Ukasema, "Bosco, tulia."

Sauti ilikuwa imekauka, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Sijui kama mbwa alitulia kwa sababu yako au kwa sababu ya kuishiwa nguvu. Alitulia. Nikaingiza vidole hadi kwenye koo, nikaushika mfupa, nikauvuta. Ulitoka na damu. Meno yake yalikuwa yamenipasua kidole na sikuhisi chochote. Tulikaa chini sote watatu tukihema.

Kisha ukaniambia, "Mama hampi mifupa ya kuku."

Nilitaka kukukumbatia, nipige kelele, niite majirani. Sijui nani aliniambia nisifanye hivyo. Nilisema tu, "Sikujua. Mama anampa nini?"

"Mapafu. Na malenge." Ukafikiri. "Hakuna kitunguu."

"Mimi sijui kupika hicho."

"Mimi najua," ulisema.

Nikaenda buchari ya Hassan. Alikuwa amekuja kutoka Embu mjini kufungua duka hapa sokoni, na mama yako alikuwa mteja wake wa mapafu tangu alipofungua. Alinipa mapafu, akaongeza kipande cha ini bila kuniuliza kitu. Nikarudi na malenge ya jirani. Ukakaa kwenye kigoda ukanielekeza, nami nikatii. Osha tena. Kata ndogo. Hapana, ndogo zaidi, Bosco ana haraka, atakabwa. Mchele ulichambua wewe. Mikono yako haikuwa na nguvu na punje zilikuwa zinaanguka, na mimi nilijizuia nisikusaidie.

Chakula kilipoiva nilichukua karai nimpakulie. Ukasema, "Bado. Mama anaonja kwanza kama ni moto."

Mukami, nilikuwa nimesahau. Gatwiri alikuwa na tabia hiyo. Alichota kidogo kwa ncha ya kijiko, akapuliza, akaonja, ndipo akampa mbwa. Hicho chakula hakikuwa na kitu cha kumdhuru mtu, kilikosa chumvi tu.

Nikachukua kijiko ili nionje. Ukanyoosha mkono. Nikakupa kijiko. Ulichota, ukapuliza, ukaweka mdomoni, na mimi nikageukia moto nikawa napanga kuni ambazo zilikuwa zimepangika. Nilisikiliza. Nilisikia ukimeza. Ukasema, "Ni moto." Tukangoja. Ukaonja tena. "Bado ni moto." Nilijua hakikuwa moto tena. Uliendelea kuonja chakula cha Bosco hadi Bosco mwenyewe akaanza kulia mlangoni, ndipo ukasema, "Sasa mpe."

Hukutapika.

Kuanzia hapo tulimpikia Bosco kila siku, asubuhi na jioni. Majani chai yalikuwa yanazidi kukomaa shambani na mimi sikwenda kuchuma. Nilichagua nyama kama ya wageni, nikaongeza ini, nikaongeza viazi na yai nilipopata. Koo la Bosco lilikuwa limevimba kwa hiyo ulitaka tukiponde chakula chake kiwe laini. Wewe ulikuwa mwonjaji. Nikaleta sahani yako ya bati nikaiweka karibu na sufuria bila maelezo, na siku ya pili ukaanza kuonjea kwenye sahani. Nikikusifu ulikuwa unaacha. Nikikuangalia ulikuwa unaacha. Kwa hiyo nilijifunza kuangalia moto. Ulikuwa bado umekonda, Mukami, na asubuhi nyingine hukutaka kabisa. Sikuwa na hakika ya kitu.

Jumapili ikafika. Walikuja baada ya ibada, tata Ciarunji, mumewe Kobia, na Mzee Njiru wa kanisa letu waliyemchukua njiani awe shahidi. Walikukuta umekaa chini kwenye mlango wa jiko na sahani yako, Bosco yuko kando yako na karai lake, na sufuria moja katikati yenu.

Tata alisimama. "Nyaga. Hiki ni nini anachokula mtoto?"

Sikuweza kusema uongo mbele yako. "Ni chakula cha Bosco."

Alipiga kelele ambayo nadhani ilisikika hadi msituni. "Umerukwa na akili! Mtoto wa ndugu yangu anakula na mbwa!" Akaingia ndani, nikasikia akivuta sanduku chini ya kitanda chako. Kobia akakusogelea akuinue. Bosco akasimama mbele yako, manyoya yamesimama mgongoni, meno nje. Hakuwahi kumuuma mtu, lakini siku hiyo angeuma. Kobia akaokota ukuni.

Wewe hukulia. Ulifunga mdomo. Niliuona unavyofungwa, polepole, vilevile kama siku ya kwanza, na kijiko kikakutoka mkononi.

Nilitaka kupigana. Nilikuwa na nguvu, na Kobia ni mtu mfupi. Lakini nilikumbuka yale macho yako ya siku ya uji. Nikapita katikati ya Kobia na mbwa, nikakaa chini kwenye vumbi na suruali yangu ya kanisani, nikaokota kijiko chako, nikachota kwenye sufuria, nikapuliza, nikala. Nikachota tena. Nilikula mbele yao wote, na tata alikuwa amerudi mlangoni na nguo zako mkononi, ananiangalia kama mwendawazimu.

Kisha Mzee Njiru akavua kofia, akakalia kuni, akasema, "Hebu nami."

Nilimpakulia. Alitafuna taratibu kwa yale meno yake machache. "Ni malenge," alisema. "Na nyama. Ni chakula cha mtu." Akatafuna tena. "Lakini hakina chumvi."

Ukasema, "Bosco hali chumvi."

Tata Ciarunji aliziachia nguo zako chini. Nadhani hakuwa amekusikia ukisema tangu mazishi. Mzee Njiru hakugeuza kichwa, aliendelea kula tu. Akakuuliza kama anaongea na mama wa nyumba, "Na karoti munaweka?"

"Zikiwapo," ulimjibu, na ukavuta sahani yako.

Usidhani mambo yaliishia kwa kukumbatiana. Mzee Njiru alisema uachwe hadi mwisho wa mwezi, kisha tupime uzito, na kama umepungua mimi mwenyewe nikupeleke Kianjai. Kobia alitupa ukuni. Tata aliondoka bila kunywa chai, na alipopita karibu yangu aliniambia, "Akifa, nitakuambia ulimuua wewe." Nilikaa na maneno hayo hadi siku tuliyorudi zahanati. Nilikuweka kwenye mizani mwenyewe. Yule muuguzi alisoma, akatabasamu, na mimi nikamwomba asome tena.

Kuna kitu kuhusu tata yako ambacho hujui. Huko Kianjai, kabla hujazaliwa, alizika watoto wawili. Wa pili alikuwa msichana, naye alikataa kula mwishoni. Aliposema ameona mtoto anayekufa, alikuwa anasema alichokiona kwa macho yake. Nilikijua hicho, lakini siku ile nilikuwa nimejaa mambo yangu. Ilinichukua miaka kwenda Kianjai kukaa naye na kumwambia kwamba sikumwona kuwa mbaya. Alinipikia, hakunijibu. Nadhani anaisimulia habari ya chakula cha Bosco kwa kicheko kwa sababu bila kicheko hawezi kuisimulia. Jana ulipoweka sahani chini alikuona pia. Alikuwa wa kwanza kuondoka, na hakuchukua nyama yake ya kubeba nyumbani. Ukiweza, mwandikie ukishafika. Usipoweza, sitakulaumu.

Huko wodini utakutana na watu waliofunga midomo. Wewe umesomea, mimi sikusoma, na sitakufundisha kazi yako. Nakuambia tu yaliyonipata mimi. Nilipokushika kwa nguvu nilikupoteza, na nilipokuomba unifundishe ulirudi kidogo. Sikulipanga. Ingekuwa si ule mfupa, sijui leo ningekuwa namwandikia nani.

Na mimi nilikosea kukaa kimya miaka yote hii. Nilifikiri nakulinda na aibu. Kumbe nilimwachia mtu mwingine aisimulie, na ikakufikia mbele za watu ikiwa imevaa nguo ya aibu.

Sasa nikuambie ilivyokwisha, maana sehemu hii tata haijui. Ilikuwa baada ya mvua za vuli kuanza. Nilikuwa nimerudi kuchuma majani chai, na wewe ulikuwa unakaa kwenye mwisho wa mstari na Bosco. Ulikuwa unakula, lakini siku zote kilikuwa chakula cha Bosco, siku zote ni kuonja. Siku hiyo kikapu kilikuwa kizito na nilikuwa nawahi gari linalobeba majani chai kituoni, sikuwa nakuwaza. Ulikuja kati ya michai, matope hadi magotini, ukavuta shati langu.

"Baba, nina njaa."

Niliuliza, "Bosco ana njaa?"

Ukaniangalia kama mtu asiyeelewa haraka. "Bosco ameshakula. Ni mimi."

Niliacha kikapu pale pale. Sijui gari lilikuja au halikuja. Tulipanda nyumbani, nikakupikia viazi na maharagwe, nikakaanga kitunguu hadi kikawa chekundu, nikatia chumvi. Ulikula sahani nzima, ukaomba nyingine.

Mimi baba yako akupendaye,
Nyaga